Barabara ya Nimule na Herufi Moja

Mwaka 1995 jarida moja la kimataifa la elimu ya virusi lilichapa ripoti fupi kuhusu Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini ya leo. Wakati ule mji huo ulikuwa ngome ya jeshi la Khartoum. Wapiganaji wa SPLA, waasi wa kusini, walikuwa wameuzingira kwa miaka, mashambulizi yao makubwa ya Juni na Julai 1992 wakazi walikuwa bado hawajayasahau, barabara zilikuwa zimetegwa mabomu, na sehemu kubwa ya chakula cha msaada ilishushwa na ndege. Katikati ya dhiki hiyo watafiti walichukua damu za wagonjwa wa nje, za wagonjwa wa kifua kikuu na za wanawake waliokuwa wakiuza miili yao. Virusi vya Ukimwi vilikutwa katika makundi yote matatu. Lori lilikuwa haliingii Juba, lakini VVU vilikuwa vimeshaingia.

Miaka thelathini imepita na virusi hivyo bado vipo. Vipo hata ndani ya miili ya watu waliomeza dawa kwa uaminifu mwaka hadi mwaka. Swali linaloulizwa kwenye mabenchi ya kliniki za Juba ndilo linaloulizwa Kampala na Mwanza: kama dawa zinafanya kazi, mbona ugonjwa hauishi? Jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja umo ndani ya virusi vyenyewe, katika namna vinavyokosea kujinakili na kisha kuyahifadhi makosa hayo. Upande wa pili umo katika historia yetu, katika kila siku ambayo vita, njaa au amri iliyotolewa mbali ilimkatia mgonjwa dawa. Anayeueleza upande mmoja akauacha wa pili hajaeleza kitu.

Tuanze mbali kidogo. VVU vya kundi M, ndivyo vilivyoenea duniani kote, vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Cameroon, na kufikia mwaka 1920 au karibu na hapo vilikuwa vikizunguka Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Wanasayansi wamelijua hilo kwa kusoma vinasaba vya sampuli za zamani. Zilikuwepo mbili: damu iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959, na kipande cha tezi kilichokatwa kwa mgonjwa wa mji huohuo mwaka 1960. Michael Worobey na wenzake walipozilinganisha na kuchapisha matokeo mwaka 2008, virusi vya sampuli hizo vilitofautiana sana, ijapokuwa vilitoka mji mmoja na vilipishana mwaka mmoja tu. Tofauti kubwa kiasi hicho haijengeki kwa mwaka. Inahitaji miongo. Ndipo ikajulikana kwamba virusi vilikuwa vimekaa ndani ya binadamu muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuvipa jina, vikikosea herufi moja ya vinasaba vyao hapa na nyingine pale.

Kutoka Kongo vilisafiri kwa reli, kwa mto na kwa miguu, na kila tawi likaondoka na makosa yake. Aina A na D zikashika ukanda wa Maziwa Makuu. Aina C ikatawala kusini mwa Afrika na Ethiopia. Mwaka 1985 Nelson Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa wilaya ya Rakai, nchini Uganda, ambao wananchi waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Sudan nayo ikaanza kutambua wagonjwa wake mwaka uliofuata.

Sasa itazame ramani. Juba ina Uganda kusini, Kenya kusini-mashariki, Ethiopia mashariki, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati upande wa magharibi. Matawi hayo yote ya virusi yanauzunguka mji huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Sudan ikiwa bado nchi moja, ulikuta aina za mashariki na za magharibi mwa Afrika zimechanganyika huko, D na C zikiwa nyingi. Hilo lina uzito kwa sababu VVU havibadiliki kwa kosa la herufi peke yake. Aina mbili zikiingia katika seli moja, vinasaba vyao huweza kukatwa na kuunganishwa, kikazaliwa kizazi chenye nusu ya huyu na nusu ya yule. Uganda, ambako A na D zimekaa pamoja muda mrefu, machotara wa namna hiyo ni wa kawaida kabisa.

Kosa lenyewe linatokeaje? Maelezo yote ya kujengea kirusi cha VVU yanatosha katika herufi pungufu ya elfu kumi. Ya binadamu ni takriban bilioni tatu. Maelezo hayo yameandikwa kwa RNA, na kirusi kikishaingia katika seli nyeupe ya CD4 hutumia kimeng'enya chake kuyageuza yawe DNA, kisha huyapachika katikati ya DNA ya mwenye mwili. Kimeng'enya hicho ni kama karani anayenakili faili kwa haraka na asirudi nyuma kusahihisha. Kwa wastani hupitisha kosa moja katika kila nakala tatu hivi. Kidogo? Mtu asiyetumia dawa hutengeneza takriban virusi bilioni kumi kwa siku moja. Zidisha, utaona kwamba kila kosa la herufi moja linalowezekana katika maandishi hayo yote linatokea ndani ya mtu huyo kila siku inayopambazuka, na linatokea mara nyingi.

Makosa mengi humuua mwenye kuyabeba. Kirusi kilichoharibika hakizai. Lakini miongoni mwa mabilioni, wapo wachache ambao kosa limewapa sura mpya. Mwaka 1991 Rodney Phillips, Andrew McMichael na wenzao wa Oxford walionyesha kwamba VVU hubadilisha vipande vile hasa ambavyo askari wa mwili, zile seli zinazoua seli zilizoambukizwa, wamefundishwa kuvitambua. Askari wakijifunza sura, sura inabadilika. Kingamwili za damuni nazo hukimbizana na gamba la nje la kirusi, ambalo limejifunika sukari na kubadilika bila kupumzika, kiasi kwamba kingamwili za leo mara nyingi zinamjua kirusi wa miezi iliyopita tu. Hapo ndipo chanjo zinapokwama. Jaribio la PrEPVacc, lililoendeshwa Masaka, Dar es Salaam, Mbeya na Durban, lilisitisha utoaji wa chanjo zake mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba hakukuwa na matumaini ya kuzuia maambukizi. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki na Kusini wamejitolea katika majaribio ya namna hii kwa miaka mingi, na wanastahili shukrani zetu zote.

Juba ya miaka ya vita ilikuwa na fumbo lake. Mtu angedhani vita ya tangu 1983 ingesambaza virusi kila mahali. Haikuwa hivyo. Watafiti waliolinganisha nchi za Afrika zilizokumbwa na vita walikuta mara nyingi kwamba wakimbizi walitoka sehemu zenye maambukizi machache kuliko nchi zilizowapokea. Kusini mwa Sudan ni mfano mzuri. Hapakuwa na barabara, biashara wala mabasi ya usiku. Mateso yaleyale yaliyowaua watu kwa njaa na risasi yaliwatenga na virusi. Sisemi hivyo kuisifu vita. Nasema hivyo kwa sababu inaeleza kilichofuata.

Tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi. Mabomu yakaanza kuteguliwa, na barabara ya kutoka Nimule, mpakani mwa Uganda, hadi Juba, karibu kilomita 192, ikafunguka kidogo kidogo hadi ikakamilishwa kwa lami mwaka 2012. Yakaja malori ya saruji, bia, vitunguu na mabati. Wakaja Waganda, Wakenya, Waethiopia na Waeritrea, madereva wa boda na wenye hoteli. Wakaja pia wenye mji, watu waliokulia ukimbizini Kakuma, Adjumani, Khartoum na Addis Ababa, wengi wakizungumza Kiswahili au Kiingereza kuliko Kiarabu cha Juba. Soko la Konyo Konyo likafurika. Virusi vilivyokuwa vimekua tofauti katika nchi tano vikakutana katika mji mmoja. Taifa zima lilibaki na maambukizi ya wastani, takriban asilimia 2 hadi 3 ya watu wazima, lakini penye barabara na fedha hali ilikuwa nyingine: upimaji wa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Juba katikati ya miaka ya 2010 ulikuta zaidi ya theluthi moja yao wana VVU.

Dawa zilifika kwa barabara ileile. Lakini kabla ya kuzifuata Juba, lazima tupite Kampala, kwa kuwa huko ndiko kanda yetu ilikojifunza somo gumu kuliko yote kuhusu kumbukumbu ya virusi.

Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba wajawazito waliopewa kidonge kimoja tu cha nevirapine katika Hospitali ya Mulago wakati wa uchungu, na watoto wao matone machache baada ya kuzaliwa, walipunguza karibu kwa nusu maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto. Ilikuwa habari kubwa, ya kweli, na iliokoa watoto wengi. Hospitali za vijijini zingeweza kuimudu. Kisha watafiti wakapima virusi vya akina mama hao wiki sita hadi nane baadaye. Katika mama mmoja kati ya watano, na katika kundi kubwa zaidi lililopimwa baadaye mmoja kati ya wanne, virusi vilikuwa na usugu dhidi ya nevirapine. Kidonge kimoja kilitosha.

Badiliko lililokuwa likionekana sana linaitwa K103N. Ukilitazama kwa karibu utashangaa udogo wake. Katika nafasi ya 103 ya kile kimeng'enya kinachonakili, herufi tatu AAA zinageuka AAC. Herufi moja. Mfuko ambamo dawa ilikuwa ikijibana haufunguki tena kama zamani, na dawa inapita bila kufanya kitu. Kwa dawa nyingine, lamivudine, herufi moja tena katika nafasi ya 184, kutoka ATG kwenda GTG, inafanya kazi hiyohiyo. Kirusi hakijagundua wala kupanga lolote. Mabadiliko hayo yalikuwa yakitokea kila siku kwa bahati. Dawa ilifagia wengine wote ikayaachia uwanja.

Mwaka mmoja au miwili baadaye, akina mama wengi walipopimwa tena, virusi sugu vilikuwa havionekani damuni. Watu wakapumua. Lakini majaribio yaliyofuata katika nchi saba za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba wanawake waliowahi kupewa kile kidonge kimoja walishindwa zaidi na tiba kamili yenye nevirapine kuliko waliopewa mseto mwingine. Usugu haukuwa umepotea. Ulikuwa umejificha.

Ulijificha wapi? Maabara kadhaa za Marekani, ikiwemo ya Robert Siliciano huko Johns Hopkins, zilikuwa zimeshapata jibu kati ya 1995 na 1997. Baadhi ya seli za CD4 zilizoambukizwa hazifi. Zinarudi kupumzika, zikiwa na DNA ya kirusi ndani yake, kimya. Ni chache mno, takriban moja katika seli milioni moja za aina hiyo, ila hapo dawa haziwezi kuzigusa, kwa sababu dawa huzuia kirusi kinachojinakili, na hiki hakijinakili. Seli hizi huishi miaka mingi. Nyingine hugawanyika na kuzaa seli nyingine zenye kirusi kilekile ndani. Hesabu ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba maficho haya hupungua kwa nusu katika kila miezi 44 hivi, maana yake mtu angehitaji kumeza dawa zaidi ya miaka 70 bila kukosa ili yaishe yenyewe.

Kila kosa lililowahi kufanikiwa linaweza kuwekwa katika ghala hilo. Mwaka 2015 timu ya Siliciano ilipochunguza virusi vilivyofichwa ndani ya watu walioanza dawa wakiwa wamekaa na maambukizi muda mrefu, zaidi ya asilimia 98 ya vipande walivyovisoma vilikuwa na mabadiliko ya kuwakwepa askari wa mwili. Kwa watu walioanza dawa ndani ya miezi mitatu ya kuambukizwa, mabadiliko hayo karibu hayakuwepo. Kwa hiyo anayechelewa kuanza dawa hajapoteza muda tu. Amewapa virusi nafasi ya kuandika na kutunza kila walichojifunza dhidi yake. Na Sudan Kusini ni nchi ambayo hadi mwaka 2018 hata mtu mmoja kati ya watano wenye VVU hakuwa kwenye dawa.

Turudi Juba basi. Baada ya amani, tiba ilianza kutolewa katika Hospitali ya Kufundishia ya Juba na vituo vingine vichache, kwa fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Marekani wa PEPFAR. Mseto uliotumika sana ukanda huu ulikuwa na nevirapine au efavirenz ndani yake. Hizo ni dawa nzuri, lakini zina tabia ambayo mgonjwa wa mjini penye utulivu hana haja ya kuijua: hazitoki damuni haraka. Mtu akiacha ghafla kumeza, dawa nyingine katika mseto huisha mapema, wakati efavirenz hubaki ikipungua taratibu kwa siku nyingi, hata wiki. Kwa kipindi hicho mwili unakuwa na dawa moja, dhaifu, na virusi vinavyoamka kutoka maficho. Hayo ndiyo mazingira ya K103N kushinda.

Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 milio ya risasi ilianza katika kambi za jeshi Juba, na vita ikarudi. Ndani ya siku chache makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, Tomping na UN House. Walitoka na watoto, magodoro na sufuria. Aliyekuwa na chupa ya dawa chini ya kitanda hakuwa na nafasi ya kuirudia, na aliyekuwa nayo mkononi aliona haya kuimeza mbele ya mahema mia moja. Huko Leer, Jimbo la Unity, wafanyakazi wa Madaktari Wasio na Mipaka walikimbilia porini mwanzoni mwa 2014 pamoja na wagonjwa wao, wakibeba dawa walizoweza, na hospitali ikaporwa na kuharibiwa. Julai 2016 Juba ikawaka tena. Safari hii hata Equatoria, yenye maambukizi mengi kuliko sehemu nyingine za nchi, ikamwaga watu Uganda. Agosti 2017 wakimbizi wa Sudan Kusini nchini humo walifika milioni moja.

Kila mmoja aliyekuwa kwenye dawa na akakosa wiki tatu barabarani alikuwa amewekwa, bila kujua, katika jaribio lilelile la Mulago. Sioni haki kumwita mtu huyo mtoro wa dawa. Neno hilo limeandikwa katika madaftari mengi ya kliniki zetu, na laiti lingefutwa.

Walikuwepo waliolitafakari jambo hili mapema. Kati ya 2015 na 2017 Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha huko Yambio, magharibi mwa Equatoria, mpango wa kupima na kuanzisha dawa papo hapo kwa kliniki za kuhamahama. Waliwapa wagonjwa akiba ya dawa ya kukimbia nayo mapigano yakizuka. Wakathibitisha kwamba inawezekana.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi 6 kati ya 11 zilizopimwa, Uganda ikiwemo, zaidi ya asilimia 10 ya watu wanaoanza tiba walikuwa tayari na virusi sugu kwa dawa za kundi la efavirenz na nevirapine. Kwa majirani wa Uganda hiyo ilikuwa kengele. Ndipo dolutegravir ikaingia, ikiwa katika kidonge kimoja cha kila siku pamoja na tenofovir na lamivudine. Kirusi kinapata tabu kubwa kuikwepa. Jaribio la NADIA, lililofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha jambo la kutia moyo: hata watu wenye virusi vilivyoshazoea tenofovir na lamivudine walifanikiwa kwa kidonge hicho. Badiliko la nafasi ya 184 linamponya kirusi na lamivudine, lakini linampunguzia nguvu za kuzaa, na udhaifu huo ukawa faida ya mgonjwa.

Tusilale. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba usugu dhidi ya dolutegravir umekutwa kati ya asilimia 3.9 na 8.6 katika baadhi ya tafiti, na ulifika asilimia 19.6 katika kundi moja la watu waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi damuni. Herufi zimeanza tena kutafuta njia. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Huko Sudan Kusini, ambako tiba ya VVU ilisimama juu ya fedha hizo, watumishi wa vituo walisimamishwa kazi na wagonjwa wakafika wakakuta milango imefungwa. Safari hii hakukuwa na risasi, lakini ndani ya seli tofauti haipo: dawa imekatika, ghala limefunguka.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Tangu hapo tumezungumza sana kuhusu ushuru na pasipoti. Naomba tuzungumze pia kuhusu hili: mgonjwa wa Juba apewe dawa za miezi sita kwa mkupuo, kadi yake itambuliwe Arua, Adjumani, Kakuma na Bunia bila barua ya uhamisho, na serikali za Jumuiya zitenge akiba ya pamoja ya dawa isiyotegemea hisani ya rais wa nchi yoyote ya mbali. Ujuzi upo, kidonge kipo, na bei yake imeshuka mno. Na wewe unayesoma haya ukiwa umekosa dozi kwa sababu yoyote ile, rudi kliniki wiki hii, uwaeleze ukweli wa siku ulizokosa, na uombe kupimwa wingi wa virusi.